Keki ya Umbo la Kofia kwa Fondanti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kofia inaonekana umbo jepesi: kichwa cha mviringo, ukingo bapa, utepe katikati. Ndiyo maana wengi huanza nayo. Halafu fondanti inachanika pale pale kichwa kinapokutana na ukingo, na maswali yanaanza. Hapa nimekusanya yale ninayoulizwa tena na tena, kuanzia ya mwanzo kabisa hadi ya hali za pekee. Jibu likiwa limeshatolewa kwingine, nimekuelekeza huko.

Lipo jambo moja ambalo ningependa ulishike kabla ya yote: fondanti haifichi kitu. Inafuata kilicho chini yake kama shuka linavyofuata kitanda. Ukiona kasoro juu, mara nyingi sana imeanzia chini.

## Kabla ya kuwasha oveni

Fondanti ni nini hasa?

Ni donge la sukari laini, linalokandika kama unga wa chapati na kusukumwa likawa shuka. Kwa kawaida lina sukari ya unga, glukosi, jelatini au kitu kingine cha kushikisha, na gliserini kidogo ya kulizuia lisikauke upesi. Ipo pia ya mashimelo, ambayo unaweza kuitengeneza nyumbani kwa kuyeyusha mashimelo (peremende laini kama sifongo) na maji kidogo kisha kukanda na sukari ya unga. Hiyo ni tamu na rahisi, ila ni laini zaidi, kwa hiyo kwa ukingo unaosimama napendelea ile ya kununua.

Nioke keki ya aina gani?

Keki ya siagi iliyoshiba, au keki ya chokoleti nzito. Sponji nyepesi inayoyumba ukiigusa haifai hapa: utaichonga, utaibeba, kisha utaitwika fondanti inayokaribia kilo moja. Keki yenye vipande vikubwa vya matunda au njugu ndani nayo huleta shida, kwa sababu kisu kikigonga kipande kinakivuta na kuacha shimo.

Nianze na kofia ipi kama sijawahi kuchonga?

Pama la majani, lile la kuvaa juani. Kichwa chake ni duara lenye mabega ya mviringo, ukingo wake unalala juu ya kibao bila kuhitaji kuegemezwa, na alama za msuko husaidia macho yasione kasoro ndogo. Kofia ndefu nyeusi iliyonyooka inaonekana rahisi lakini ni ngumu kuliko zote, kwa kuwa uso mtupu na mweusi huonyesha kila kidole kilichopita.

Yeyote anayechagua umbo, ninamwomba aiweke kofia halisi mezani, au picha tatu: ya mbele, ya ubavuni na ya juu. Kofia hujulikana kwa mstari wake. Watu huhangaika na maua wakati kichwa kiko wima kama sufuria, na kofia halisi karibu zote hupungua kidogo kuelekea juu.

Ukubwa gani utafanana na kofia ya kweli?

Piga hesabu kutoka kichwa cha mtu. Kichwa cha mtu mzima chenye mzunguko wa sentimita 57 kina kipenyo cha sentimita 18 hivi, na kwa kweli ni yai, si duara: mbele hadi nyuma ni kirefu kuliko upande hadi upande. Oka basi tabaka tatu za duara la sentimita 20, kila moja ya sentimita 4. Utapata kimo cha sentimita 12, kisha chonga pande mbili ziingie ndani kidogo. Huo uyai mdogo ndio unaomfanya mtu aseme “kofia” kabla hujaweka utepe.

Ukingo wa sentimita 7 kila upande unataka kibao cha sentimita 36 au zaidi. Kwa kukata vipande vya kawaida vya sherehe, keki hiyo hulisha watu kama 20 baada ya kuondoa kilichochongwa.

Fondanti kiasi gani?

Shuka la kichwa: chukua kipenyo, ongeza kimo mara mbili, ongeza sentimita 5 za nafasi. Kwa kichwa cha sentimita 18 na kimo cha 12 ni 18 + 24 + 5, yaani sentimita 47. Kwa unene wa milimita 4 shuka hilo ni gramu 900 hivi. Ukingo wa sentimita 32 wa unene huo huo ni gramu 450 hivi. Weka na gramu 250 za utepe na mapambo. Kinachokatwa pembeni hakipotei: kifunge vizuri utakihitaji kwa viraka.

Nianze siku ngapi kabla?

Mapambo yanayosimama, na ukingo uliopinda, siku tatu au nne kabla. Keki uoke siku mbili kabla, uichonge na kuipaka siku inayofuata, uivalishe siku hiyo hiyo jioni au kesho yake asubuhi. Keki iliyotoka oveni leo haichongeki leo.

## Kuchonga na kupaka

Nachongaje bila keki kumeguka?

Kwanza panga tabaka na krimu yake, funga kwa plastiki, weka kwenye friza hadi iwe ngumu kwa kuguswa lakini kisu kipite. Saa moja hadi moja na nusu hutosha kwa keki ya ukubwa huu. Tumia kisu cha mkate chenye meno, na ukate kama msumeno, kwa kwenda na kurudi, bila kusukuma.

Anza juu, kwenye kingo za kichwa, toa vipande vyembamba kama maganda ya viazi. Zungusha kibao baada ya kila mpitisho, usizunguke wewe. Kila baada ya mipitisho michache simama hatua mbili nyuma, inama macho yawe sawa na keki, na uangalie kivuli chake ukutani. Kivuli hakidanganyi: upande uliovimba utauona hapo kabla ya kuuona kwenye keki.

Bonde la juu, kama kofia yako inalo, lichimbe kwa kijiko na si kwa kisu. Lichimbe zaidi kidogo ya unavyotaka, kwa sababu krimu na fondanti zitalijaza tena.

Nimechonga nikapitiliza. Nifanyeje?

Usitupe chenga. Zichanganye na krimu, au ganashi (chokoleti iliyoyeyushwa na krimu ya maziwa) kidogo, mpaka zikamatane kama udongo wa mfinyanzi, ziba penye pengo, rudisha kwenye friji. Mchanganyiko huu ukiganda unakuwa imara kuliko keki yenyewe, na mimi huutumia hata nisipokosea, kujenga yale mabega ya mviringo.

Chini ya fondanti nipake krimu ya siagi au ganashi?

Ganashi, kama una nafasi ya kuchagua. Ikiganda inakuwa ganda gumu lenye pembe safi, na fondanti haizami ukiipiga pasi, yaani ukiilainisha kwa kibao cha plastiki. Kwa chokoleti nyeusi, uzito wa chokoleti uwe mara mbili ya krimu ya maziwa. Kwa chokoleti nyeupe iwe mara tatu, kwa kuwa ni laini kwa asili. Mahali penye joto ongeza chokoleti.

Krimu ya siagi inafaa pia, mradi ipakwe mara mbili: mpako mwembamba wa kukamata chenga, friji nusu saa, kisha mpako wa kunyoosha, friji tena. Krimu iliyopigwa povu ya maziwa isiguse fondanti kabisa. Ina maji mengi, na fondanti itaanza kuyeyuka ukiwa unaitazama.

Kichwa kinahitaji vijiti ndani?

Hadi sentimita 12, keki nzito inajibeba. Ikizidi hapo, tazama swali la kofia ndefu kwenye sehemu ya mwisho.

## Kuvalisha

Nivalishe kichwa na ukingo kwa kipande kimoja?

Hapana, na hili ndilo swali linaloharibu keki nyingi kuliko yote. Nilipoanza nilifanya hivyo, nikiamini kipande kimoja kitakuwa safi zaidi. Shuka lilishuka vizuri kichwani, nikalilaza kwenye kibao, na nilipolisukuma liingie kwenye pembe, likanyooka, likawa jembamba kama karatasi, likafunguka duara zima. Fondanti inaweza kushuka mteremko, lakini inapolazimika kugeuka ghafla kutoka wima kwenda bapa, uzito wote wa upande unaning'inia kwenye mstari mmoja.

Fanya vipande viwili. Laza ukingo kwanza juu ya kibao, kama sahani nzima, na uupake maji kidogo chini ili usiteleze. Kichwa kivalishe kikiwa juu ya kadi yake nyembamba (karatasi ngumu ya kubebea keki), kikatwe safi chini, kisha kiinuliwe na kuwekwa katikati ya ukingo. Mshono unabaki pale utepe wa kofia unapopita, na kofia halisi huuficha mahali hapo hapo.

Nisukume unene gani, na ninyunyizie nini mezani?

Milimita 3 hadi 4. Chini ya hapo itaonyesha kila tundu. Juu ya hapo ni nzito, na watu wataibandua na kuiacha kwenye sahani. Ikande kwanza mpaka iwe ya vuguvugu na laini.

Kwa rangi hafifu nyunyiza wanga wa mahindi au sukari ya unga, kidogo sana. Kwa nyeusi, kahawia au nyekundu usinyunyize chochote, paka meza mafuta mgando ya kupikia kwa kiganja, vinginevyo utabaki na mawingu meupe yasiyofutika.

Navalishaje kichwa bila mikunjo?

Toa keki kwenye friji, futa unyevu, ipake maji kidogo kwa brashi kama ni ganashi, au mvuke wa pumzi ya birika kama ni krimu. Kiinue kichwa juu ya bakuli iliyofunikwa, yenye kipenyo kidogo kuliko keki, ili shuka lining'inie chini ya kadi bila kugusa meza. Hatua hii ndogo inaondoa nusu ya mikunjo.

Kunja shuka juu ya kifimbo cha kusukumia, lishushe kuanzia mbali kuja kwako. Lainisha juu kwanza, haraka, kisha mabega, maana hapo ndipo linapochanika likiachwa linaning'inia. Ukifika ubavuni, usivute chini. Shika pindo kwa mkono mmoja, lifungue nje kama unavyotandua marinda ya sketi, na kwa ubavu wa mkono mwingine libandike juu kwenda chini. Penye rinda, fungua, bandika. Penye rinda lingine, fungua, bandika. Rinda likishajikunja likagusana halifunguki tena, kwa hiyo usisubiri. Mwisho piga pasi ya plastiki kwa duara ndogo, na ukate chini kwa kisu kikali.

Imejaa nyufa ndogo mabegani, kama ngozi iliyokauka. Kwa nini?

Imekauka, ama kwa sukari iliyozidi mezani, ama kwa kukaa wazi ukiwa unapaka keki. Kwa iliyoshavalishwa, chukua mafuta mgando ya kupikia kidogo kwa ncha ya kidole na usugue kwa duara. Joto la kidole linaziunganisha nyufa za juujuu. Kwa iliyobaki kwenye bakuli, kanda na matone machache ya gliserini. Zikiwa za ndani, panga jani, ua au alama za mshono zipite hapo.

Kuna uvimbe wa hewa unaorudi kila nikiubonyeza.

Toboa kwa pini safi ikilala, si ikisimama wima, kisha sukuma hewa kuelekea tundu. Uvimbe ukirudi kesho yake, kuna hewa inayotoka kwenye keki yenyewe: ilivalishwa ikiwa bado inapanuka baada ya friza. Keki iliyogandishwa iache irudi kwenye ubaridi wa friji kabla ya kuvalishwa.

## Ukingo, msuko na rangi

Nataka ukingo uinuke pembeni kama kofia ya mchunga ng'ombe. Unasimamaje?

Fondanti peke yake haisimami. Kanda ndani yake unga wa CMC, unaoitwa pia tailosi, ambao huikaza fondanti, kijiko kimoja cha chai kwa gramu 250, iache imefungwa saa kadhaa, kisha usukume. Kata ukingo kama pete, tundu lake likiwa pana kidogo kuliko kichwa, na uukaushe juu ya mikunjo ya karatasi ya jikoni iliyowekwa chini ya pande mbili. Siku ya pili geuza mikunjo ili hewa ipite chini. Saa 48 ni kiasi kizuri. Penye unyevu mwingi ni zaidi.

Ukishakauka unashushwa juu ya kichwa kilichovalishwa, kama unavyomvalisha mtu shanga. Kwa hiyo pima tundu mara mbili. Ukingo uliokauka haukubali kusukumwa, unavunjika. Na kichwa chake usisahau mkunjo mrefu katikati na mibonyeo miwili mbele. Bila hiyo ni bakuli yenye masikio.

Napataje sura ya majani yaliyosukwa?

Njia ya haraka ni mkeka wa alama wa silikoni: ulaze juu ya fondanti iliyokwisha sukumwa, pitisha kifimbo mara moja tu, kwa uzito ule ule. Ukipitisha mara mbili alama zinapishana.

Njia ninayoipenda ni ya mkono. Kwa ncha butu ya kisu chora duara kuanzia kitovu cha juu ya kichwa, moja nje ya nyingine, kisha katikati ya kila duara mbili chora vistari vilivyolala upande mmoja, na duara inayofuata vilale upande wa pili. Pama la pwani lina msuko mpana, milimita 5 au 6. Kofia ya Panama, ambayo kwa kweli hutoka Ekuador, ina msuko mwembamba sana, kwa hiyo chora mistari ya karibu na isiyo na kina. Baada ya kukauka, pitisha kakao kavu kwa brashi laini na ufute ya juu kwa kitambaa. Inayobaki kwenye mifereji ndiyo inayoufanya msuko uonekane.

Kwa kitambaa cha sufu, fanya kinyume: gonga uso mzima kwa sifongo kipya kikavu fondanti ikiwa bado laini.

Utepe unaacha pengo au unalegea.

Pima mzunguko kwa uzi, usikisie. Kata utepe ukiwa mrefu kwa sentimita 2, uache dakika kumi ukauke kidogo ili usinyooke mkononi, paka gundi na uanze nyuma ya kofia. Ncha zipishane, kata zote mbili pamoja kwa kisu, toa masalia. Ua au fundo likae juu ya kiungo hicho, na kidogo upande, si katikati ya mbele.

Gundi ni robo kijiko cha chai cha unga wa CMC katika vijiko viwili vikubwa vya maji, iachwe usiku mmoja. Maji matupu hushika vitu vyepesi, yakizidi huyeyusha.

Napataje nyeusi au nyekundu iliyokolea?

Usianze na nyeupe. Kwa nyeusi anza na fondanti ya chokoleti. Kwa nyekundu anza na ya waridi, au nunua iliyokwisha tiwa rangi. Tumia rangi ya jeli, kamwe si ya maji, kwa sababu maji yanaigeuza ute. Simama kabla hujafika rangi unayoitaka: inakolea yenyewe ikilala usiku mmoja.

Kwa kuchora juu, changanya rangi ya unga na spiriti safi ya kunywa, ambayo hukauka bila kuacha unata. Asiyetumia pombe apake rangi ya unga ikiwa kavu, kwa brashi, na itatosha.

## Friji na safari

Nimetoa keki kwenye friji ikatoka jasho. Imeharibika?

Haijaharibika, usiiguse. Ni mvuke wa hewa unaogandia kwenye uso wa baridi. Kidole kimoja kitaacha alama ya kudumu, na taulo ni mbaya zaidi. Iache feni ipite mbele yake kwa mbali, au bora zaidi, iache ndani ya boksi lililofungwa mpaka ipate joto la chumba. Maji yatashika boksi. Ukingo mkavu wa CMC usiingie friji kabisa, utalegea. Uvishe mwishoni.

Kama ndani kuna krimu ya maziwa, jibini laini au matunda mabichi, friji ni lazima, na mimi huwaambia watu wabadilishe kijazo. Ganashi au krimu ya siagi yenye jamu huvumilia chumba chenye ubaridi siku moja au mbili.

Naisafirishaje?

Sakafuni mwa gari, pasipo mteremko, siyo kitini wala mapajani. Weka mkeka wa mpira chini ya boksi. Ukingo uliosimama na maua yabebe pembeni, pamoja na gundi na kipande cha fondanti ya rangi ile ile, umalizie ukifika.

## Hali za pekee

Kapelo haina ukingo wa duara. Inakuwaje?

Kichwa chake ni nusu tufe, kwa hiyo oka kwenye bakuli la chuma lililopakwa mafuta. Kivalishe shuka moja, kisha chora mistari sita ya mshono inayokutana juu, uipitie na gurudumu jipya la fundi cherehani. Kidude cha mbele ni fondanti yenye CMC, kikaushwe juu ya chupa iliyolala ili kipate mgongo, na kibandikwe kikilala kibaoni. Kitufe cha juu huziba mahali mistari ilipokutana vibaya.

Kofia ndefu ya sentimita 20 itasimama?

Ikigawanywa. Weka kadi katikati ya kimo, na chini yake vijiti vinne au vitano vilivyokatwa sawa na kimo cha keki ya chini, vibebe uzito. Usiivalishe shuka kwa juu. Kunja kipande kama karatasi ya bahasha kuzunguka ubavu, na duara la juu likatwe peke yake. Tabaka za chini na juu zikiwa hazijanyooka, ubavu huu hautakusamehe.

Mteja hali jelatini ya nguruwe, au hali nyama kabisa.

Soma pakiti, na usome kila pakiti. Zipo fondanti zisizo na jelatini. Mashimelo mengi yanayo. Na kwenye rangi nyekundu tafuta E120: hutokana na mdudu. Mwambie mteja ulichokiona, yeye aamue.

Naweza kutumia unga wowote wa kumeta?

Ule tu ulioandikwa kwamba unaliwa na wenye orodha ya viungo. “Hauna sumu” si sawa na chakula.

Waya za maua zinaingia kwenye keki?

Hapana. Chomeka mrija wa kunywea uliozibwa chini, waya ikae ndani ya mrija. Andika idadi ya mirija, vijiti na pini ulizoweka, umkabidhi mwenye keki karatasi hiyo, na uhakikishe atakayekata ameisoma. Aondoe ukingo kwanza, kisha mapambo, kisha kichwa akikate kwa kuanzia juu mpaka kwenye kadi, ahesabu vilivyotoka, ndipo agawe.